Injini ya Sebuleni

Mnunuzi wa kwanza alipoingia alimpita Fundi mlangoni kama mtu anayepita pazia, akaenda moja kwa moja kwa mumewe, Sindano, na kumpa mkono.

"Fundi, heshima yako," alisema. "Sifa zako zimefika mbali. Hebu niambie, hizi pistoni umechonga mwenyewe au uliagiza?"

Sindano aliutazama mkono ulioushika wake, kisha akamtazama mkewe. "Mimi nashona makava ya viti vya magari, ndugu yangu," alijibu. "Huyo uliyempita mlangoni ndiye fundi."

Mgeni alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipoona anacheka peke yake, akamgeukia yule mwanamke mfupi aliyevaa gauni la nyumbani, mwenye weusi kwenye kucha usiotoka kwa sabuni yoyote, akamwuliza ni nani aliyekuwa akimwelekeza.

"Injini yenyewe," alisema Fundi, akaondoa shuka.

Ilikaa sebuleni, juu ya stendi ya chuma, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo. Kwenye gereji alikofanyia kazi vitu vilikuwa na miguu, vikipotea usiku, na chumba cha kulala kilikuwa cha watu wazima wawili na nguo za watu watano, kwa hiyo sebule ndiyo iliyobaki. Sindano aliizoea, lakini kila shuka lilipoondolewa alijikuta ananyamaza. Mabomba ya moshi yalikuwa yamepindwa moja moja kwa mkono, yakateremka na kukutana chini kama vidole vinavyofunga ngumi. Bomba la hewa lilikuwa limesuguliwa ndani mpaka ukipitisha kidole hukisikii chuma, unasikia ubaridi tu. Kila boliti ilikuwa na alama ndogo ya rangi nyeupe aliyoweka Fundi baada ya kuikaza, kusema: hii nimeigusa, nimemaliza nayo.

Mgeni aliizunguka, akapiga picha, akauliza bei. Aliambiwa. Akasema kwa bei hiyo afadhali aagize nje, ikiwa na karatasi zake. Akaahidi kupiga simu, na ahadi yake ikaishia hapo kwenye kizingiti.

"Angalau huyu hakuomba chai," alisema mama yake Sindano kutoka kwenye kochi. Mama huyo aliishi nao, na kwa miaka yote alikuwa amekula akitazamana na injini. "Mnauza dude lenu sasa, na ndiyo kwanza nimelizoea."

"Hatuna namna, Mama," alisema Fundi, akairudishia shuka.

* * *

Namna waliyokuwa wakiitafuta ilihusu gereji. Mwenye gereji, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Grisi, alikuwa amemwita Fundi pembeni na kumwambia kwamba magoti yake hayataki tena kuinama, na kwamba anauza kila kitu, kiwanja, mashine na paa.

"Mwenye maghala ameshafika bei," alimwambia. "Anataka kuta tu, aweke magunia yake. Lakini wewe binti yangu umeshika spana hapa tangu ukiwa msichana mdogo. Ukija na kitu cha kueleweka kabla mwezi haujaisha, nitamwambia aende zake."

Fundi alirudi nyumbani siku hiyo bila kuvua koti la kazi, akakaa mbele ya injini kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Sindano hakuhitaji kuelezwa. Pesa ya kuweka hawakuwa nayo. Ya kwake ilikwenda kwenye kodi, ada na chakula. Ya mkewe, ile iliyobaki baada ya hayo hayo, ilikuwa pale mbele yao, imegeuka chuma. Kila pistoni ilikuwa ni mwezi fulani. Kikondoo cha sikukuu ambacho hakikununuliwa kilikuwa mle ndani, na viatu vya Sindano, na meno ya mama ambayo mama mwenyewe alisema hayana haraka.

"Ungeiuza kweli?" alimwuliza.

"Hii niliitengeneza ili nijue kama naweza," alisema Fundi. "Nimeshajua."

Alilisema hilo vizuri mno, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. Sindano alimwamini nusu.

Baada ya yule wa kwanza walikuja wengine. Vijana watatu walikuja wamevaa kofia za mashindano ya magari, wakajipiga picha wameikumbatia injini, mmoja akaipigia magoti, wakashukuru na kuondoka bila hata kuuliza bei. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyu alikuwa mtu wa adabu, alivua viatu nje na kumsalimia mama kwa kuinama, kisha akafungua begi lake akatoa mizani.

"Ya nini hiyo?" aliuliza Fundi.

"Nipime, dada. Alumini ina bei yake na chuma kina bei yake. Sitakupunja."

Fundi alisogea tu, akasimama katikati ya mizani na injini, akabaki pale. Yule mtu akaangalia miguu yake, akaangalia sura yake, akaanza kukunja kamba za mizani polepole. Mama yake Sindano ndiye aliyemsindikiza mpaka nje, na aliporudi akasema hajawahi kuona mtu anatukana kwa adabu namna ile.

* * *

Bosi Saruji alikuja na fundi wake. Alikuwa na maduka ya vifaa vya ujenzi, na siku za mapumziko alishindana mbio za magari na matajiri wenzake kwenye uwanja wa nje ya mji. Fundi wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyeitwa Miwani, na ndiye aliyeizunguka injini, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena.

"Haya mabomba nani alikupindia?" aliuliza.

"Nilijaza mchanga ndani, nikapasha moto, nikapinda," alisema Fundi.

Miwani akatikisa kichwa taratibu. "Bosi," alisema bila kugeuka, "hii si ya mtaani."

Bosi Saruji alikuwa mfanyabiashara, hakutaka kusikia sifa akiwa bado hajataja bei. Alisema hanunui mlio wa kusimuliwa. Anataka kuisikia. Wakakubaliana Jumamosi, gereji kwa Mzee Grisi.

Jumamosi asubuhi majirani wanne walisaidia kuitoa sebuleni. Mlangoni ilikwama, ikabidi bawaba zing'olewe, na mama akatoa amri zilizopingana kutoka kwenye kochi mpaka injini ikatoka. Huko gereji Fundi aliifunga injini kwenye fremu ya chuma iliyochimbiwa sakafuni, akaunganisha maji, mafuta, nyaya na betri. Sindano alikaa juu ya ndoo akimtazama. Alikuwa ameona mafundi wengi katika kazi yake, wanaopiga nyundo wakiimba, wanaotukana vyuma kama watoto watundu. Mkewe hakupiga wala hakutukana. Alishika kila kitu kana kwamba kina usingizi na hataki kukiamsha kabla ya wakati wake.

Akageuza ufunguo.

Njiwa waliokuwa kwenye paa waliondoka wote kwa pamoja. Mlio ulipanda kutoka chini, mzito, ukajaza gereji, ukaingia kifuani mwa Sindano na kukaa humo. Fundi alipoongeza mafuta, mlio ukabadilika, ukawa mwembamba na mkali, sawasawa, bila kukatika. Mzee Grisi alikuwa ametoka ofisini bila fimbo yake. Alisimama ameshikilia mlango, midomo imebana, kama mtu anayesikia habari njema za mwanawe na hataki kulia mbele ya wageni. Bosi Saruji alikuwa tayari ameufungua mkoba wake. Alikuwa anacheka peke yake.

Sindano alimwangalia mkewe ili acheke naye, akaona uso wake umefunga.

Aliujua uso ule. Aliuona usiku mtoto wao mkubwa alipokohoa kikohozi ambacho kila mtu alisema ni mafua tu. Fundi alipunguza mafuta, akaongeza tena mpaka juu, akainamisha kichwa. Akapunguza. Akazima.

"Samahani, bosi," alisema katika kimya kilichofuata. "Leo siuzi."

"Bei imepanda?"

"Bei ni ile ile. Kuna kitu nimesikia. Kinakuja ikifika juu kabisa, halafu kinapotea."

Bosi Saruji alimgeukia fundi wake. Miwani alifikiri kwanza, kisha akasema kwa uaminifu kwamba yeye hakusikia kitu.

"Haya," alisema Bosi Saruji. "Kama umepata mteja mwingine niambie, mimi ni mtu mzima. Usiniambie habari za vitu ambavyo fundi wangu hasikii. Nimefunga duka Jumamosi, dada." Akamwona Sindano kwenye ndoo. "Kaka, hebu zungumza na mkeo."

Pesa ilikuwa pale, mkoba uko wazi. Mzee Grisi alikuwa pale. Ilibaki neno moja tu, na Sindano alilitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu.

"Akisema kuna kitu," alisema, "kipo."

Bosi Saruji akafunga zipu ya mkoba.

* * *

Sindano alimtetea mbele ya watu. Nyumbani, chakula kilipowekwa, akashindwa.

"Ungepokea kwanza, ukamwambia baadaye," alisema. "Ungemwambia akuletee uikague. Kila kitu kipya kinakaguliwa."

"Nimwambie baadaye lini? Akiwa ameshafika kwenye kona, mguu uko chini?"

"Ni gari la kuchezea la tajiri."

"Tajiri naye ana shingo moja," alisema Fundi.

"Na sisi tuna ngapi? Wiki ijayo mwenye maghala analeta pesa. Utakwenda kufanya kazi kwa nani? Kwa wale wanaokupita wakanipa mkono mimi?"

Alijua limekwenda mbali mara lilipomtoka. Watoto wawili waliacha kutafuna. Fundi aliendelea kula, tonge dogo dogo, macho kwenye sahani.

"Wewe nyamaza ule," mama yake alimwambia Sindano. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo watu wote waliisikia: "Baba yako naye alikuwa hivi hivi. Anatetea nje, anagombana ndani."

Asubuhi iliyofuata gereji ilikuwa imefungwa kwa wateja. Sindano alikwenda bila kualikwa, akabeba chai kwenye chupa. Alimkuta mkewe ameshaanza kuifungua. Alikuwa ametandika magazeti chini na juu yake amepanga kila kilichotoka, boliti kando ya tundu lake, ili hata kipofu angeweza kuirudishia. Sindano alimwomba radhi kwa kumshikia trei. Fundi alimkubalia kwa kumwambia aishike vizuri.

Aliangalia pistoni, akaangalia pini zake, akaangalia beringi moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Zote zilikuwa nzima. Aligeuza shafti kwa mkono, ikazunguka kama iliyoelea. Mchana ukapita. Chai ikapoa, na kila kitu kilichotoka kilikuwa kizuri kuliko kilichotangulia. Sindano alianza kuogopa, na hakuthubutu kusema anachoogopa.

Fundi ndiye aliyekisema. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa na unga wa sabuni, akakaa sakafuni, mgongo kwenye tairi.

"Nilikudanganya," alisema. "Niliposema nimeshajua na basi. Baba watoto, mimi sitaki kuiuza. Nikiwa naoga nafikiria nani ataibadilishia oili. Labda hakuna kitu. Labda masikio yangu yamesikia yalichotaka, ili yule bwana aondoke."

Sindano hakuwahi kumsikia akizitilia shaka shughuli za mikono yake, sembuse masikio. Alitaka kumwambia lolote la kumtuliza, lakini alijua hakuoa mtu wa kutulizwa kwa lolote. Akakaa karibu naye sakafuni.

"Kitu gani hujakiangalia?" aliuliza.

"Nimeangalia vyote."

"Nilivyoona, vile vidogo vilivyojizungusha umevitazama tu. Vingine umevipima."

Fundi akageuka akazitazama springi za valvu zilizopangwa kwenye gazeti, zile zinazosukuma valvu zifunge kila pumzi ya injini. Aliziagiza mpya, ghali, ndani ya boksi lililofungwa. Hakuwa amezipima kwa sababu zilikuja zimekamilika kiwandani; ndizo pekee ambazo mkono wake haukuziongezea kitu.

Alisimama. Alizilowesha zote kwenye mafuta ya taa, akaziacha zinywe, kisha akazifuta mpaka zikakauka. Akamtuma Sindano nyumbani akalete chaki za watoto. Wakazisaga, wakazipaka springi unga mweupe, moja baada ya nyingine, wakazisimamisha dirishani kama mikate. Palipo na ufa, alimweleza, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yenyewe na kuichafua chaki.

Walingoja. Jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa dirisha, na kila springi iling'aa, nyeupe pe. Sindano aliichukua moja akaigeuza, akaichukua nyingine. Macho yake yalikuwa ya mshonaji, yalizoea kutafuta pale uzi ulipojificha.

"Hii ina mshono," alisema.

"Springi haina mshono."

"Basi njoo uone."

Ulikuwa mstari mmoja, mwembamba kuliko unywele, umezunguka robo tu ya waya. Fundi aliushika mkono wa mumewe pamoja na springi iliyokuwa ndani yake, akauinua mpaka karibu na jicho. Kisha alikaa tena pale sakafuni na kuanza kulia, na Sindano hakuwa na uhakika kama ni furaha kwa sababu hakuwa amejidanganya, au huzuni kwa sababu sasa hapakuwa tena na sababu ya kutoiuza.

* * *

Jumatatu Fundi alikwenda kumwomba Mzee Grisi muda. Sindano alikwenda mahali pengine, na hakumuaga.

Duka kuu la Bosi Saruji lilikuwa na foleni ya malori nje. Mhudumu alimwuliza Sindano anataka mifuko mingapi. Aliposema hataki mfuko hata mmoja, anataka kumwona bosi, akaonyeshwa pa kukaa, juu ya shehena ya vigae, na akasahauliwa. Wapagazi walimwambia anyanyue mguu. Walimwambia anyanyue na mwingine. Suruali yake nyeusi, aliyoivaa kwa heshima ya safari hiyo, ikawa ya kijivu. Bosi Saruji alipita mara mbili akizungumza na simu, na mara ya pili macho yao yalikutana na hakusimama.

Alisimama mara ya tatu, pengine kwa sababu ya kuchoka kumwona. "Kaka, nilifikiri habari zetu zimekwisha."

Sindano alifungua leso, akamwonyesha springi. Bosi Saruji aliitazama kama anavyotazamwa mdudu asiyejulikana kama anauma. Akamwita Miwani kutoka nyuma.

Miwani aliisogeza springi kwenye taa. Akaibonyeza kidogo, akaiachia, akavua miwani, akaivaa tena. "Ilikuwa ya silinda ya ngapi?"

"Mimi sijui silinda," alisema Sindano. "Yeye anajua."

"Bosi," alisema Miwani, "hii ingekatika siku utakapoikanyaga kweli. Ikikatika, valvu inadondoka ndani, injini inashika ghafla na matairi ya nyuma yanashika nayo. Kwenye ile kona ya mwisho." Hakumaliza. Baadaye kidogo akaongeza: "Mimi sikuisikia, bosi. Nilisimama pale pale. Sikuisikia."

Duka liliendelea na kelele zake. Bosi Saruji alivuta boksi la vigae kwa mguu, akakaa mkabala na Sindano, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu aliyekuja kwake.

"Sasa unataka nikushukuru, au unataka ninunue?"

"Ununue."

"Nitanunuaje kitu ambacho nimeshaambiwa kina kasoro? Bei lazima ishuke."

Sindano hakuwa mtu wa kupatana bei. Kwenye makava yake mwenyewe wateja walimpunja mpaka nauli. Lakini hapa hapakuwa na chake, na jambo hilo lilimpa kifua. "Bosi, kasoro ilikuwepo Jumamosi na ulikuwa tayari kulipa yote," alisema. "Leo imetolewa, unataka kulipa kidogo. Hizo pesa zilizokuwa kwenye mkoba alizikataa kwa ajili yako. Alikuwa anazihitaji. Tumegombana ndani ya nyumba kwa ajili yako, na wala hatukujui."

Bosi Saruji aligeuka akamtazama Miwani, ambaye alikuwa bado anaigeuza springi kwenye taa.

"Nusu leo," alisema hatimaye. "Springi mpya naagiza mimi, nakata humo humo kwenye bei. Nusu nyingine injini ikishaingia kwenye gari langu, nikaiendesha, na yeye amekaa pembeni yangu."

"Pembeni yako kwa nini?"

"Nataka akisikia kitu, tukisikie wote."

* * *

Nusu haikutosha kununua gereji. Mzee Grisi alisikitika kwa dhati, akahesabu mara mbili, akasema kwa pesa hiyo kiwanja hakiwezekani. Mwenye maghala alikuwa ameanza kuleta magunia hata kabla ya kutia sahihi. Lakini huyo alitaka kuta tu, mashine zilikuwa zinamsumbua. Kwa nusu ile Fundi alipata mashine ya kukereza vyuma, ile ya kutobolea silinda, kreni ya mnyororo na makabati ya spana, na Mzee Grisi akaongeza fremu ya chuma bila kuulizwa, akisema magunia hayana kazi nayo. Alipoona mashine ya kukereza inapakiwa kwenye lori, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Walikodi banda nyuma ya kiwanda cha mikate. Paa lilivuja pembe moja, na asubuhi nzima palinukia unga unaoiva. Mama yake Sindano alikuja kulikagua, akasema kwa heri au kwa shari, angalau sasa ataweza kunyoosha miguu nyumbani kwake.

Springi mpya zilichelewa. Zilipofika, Fundi alizipaka chaki kabla ya kuzishika kwa lolote jingine. Akaifunga injini upya, na Miwani akaja kumsaidia kuiingiza kwenye gari, akifanya kazi kimya na kuuliza pale tu alipotaka kujua. Siku ya majaribio Sindano alisimama kwenye ukingo wa uwanja na kuona gari likizunguka na mkewe ndani, kofia ngumu imemmeza mpaka mabegani. Lilipopita mbele yake alisikia ngurumo tu; lingekuwa na kasoro kumi asingejua hata moja. Liliposimama, Fundi alishuka akipepesuka kidogo. Bosi Saruji alibaki ndani, mikono kwenye usukani, akimsubiri aseme.

"Haina neno," alisema Fundi.

Alipitisha kiganja juu ya boneti lililokuwa moto, mara moja, kama unavyomfuta mtoto vumbi kabla hajaingia darasani. Kisha akavua ile kofia, akamrudishia mwenyewe. Nusu ya pili ililipwa, kwa vipande na kwa malalamiko, na ikaingia kwenye kodi ya banda na deni la umeme wa mashine.

Wiki ya kwanza bandani hakuja mtu. Fundi alifagia, akapanga spana, akazipangua. Sindano aliiweka cherehani yake kwenye pembe isiyovuja na kujifanya hamwangalii. Wiki ya pili dereva wa kiwanda cha mikate aliingiza gari lake dogo, moshi mweusi unatoka nyuma, akasema linakosa nguvu mlimani na anataka kulichukua kabla ya saa ya kupeleka mikate ya jioni. Mafundi wengine, alisema, huligonga gonga tu likakubali.

Fundi aliinua boneti, akaliwasha, akainamisha kichwa. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akazima, akaenda kuleta magazeti, akayatandika chini, na kuanza kupanga boliti moja moja, kila moja kando ya tundu lake.

Sindano alikuwa ameshaona kiti cha dereva, kimepasuka ubavuni mpaka sponji imetoka nje. Hakuna aliyemwomba. Alichukua sindano yake ndefu na kipande cha kava, akaingia ndani ya gari, akakaa.

Dereva alimfuata, akainamia dirishani. Alionekana mtu mwenye wasiwasi. "Kaka," alinong'ona, akielekeza kidevu chake upande wa boneti, "huyu mama anajua kwamba hili ni gari la mikate tu?"

"Anajua," alisema Sindano, akatunga uzi.